Mama alinitambulisha kuwa mdogo wake, sasa naambiwa ananiulizia

Mshauri, shikamoo.

Barua hii nimeianza mara nne. Mara tatu za mwanzo nilijikuta namwandika bibi yangu, nadhani kwa sababu yeye ni mwepesi kumwandika. Safari hii naanza na mama moja kwa moja.

Nina miaka 43, nimeolewa, nina binti wa miaka 16 na mvulana wa miaka 11. Mama alinizaa akiwa na miaka 17, hajaolewa. Nilipofika miaka mitano akaniacha kwa bibi, yaani mama yake mzazi, akaenda kutafuta maisha. Nakumbuka alichuchumaa akanifunga kamba za viatu, akasema, "Nikishatulia nakuja kukuchukua." Akatulia. Akaolewa, akazaa watoto watatu, wasichana wawili na mvulana mmoja. Kunichukua hakuja.

Sitaki nimsingizie. Alikuwa anakuja kututazama, peke yake, labda mara sita au saba mpaka namaliza shule. Na kila mwaka wa masomo ukianza alinitumia gauni la shule. Kila mwaka lilikuwa dogo. Bibi alifumua pindo, akaunga kitambaa ubavuni, huku akisema, "Mama yako anadhani watoto hawakui." Nilikuwa nacheka. Nilipopata akili nikaacha kucheka, maana nilielewa kwamba kichwani mwake mimi nilibakia na miaka mitano, na hakuwa na haja ya kujua zaidi.

Bibi alifariki nikiwa na miaka 32. Mama alikuja msibani na mume wake na wale watoto, ndiyo mara ya kwanza nawaona. Nilikuwa nimesimama karibu naye, akaja mama mmoja wa upande wa mume wake, akauliza, "Na huyu?" Mama akajibu bila kusita: "Huyu ni mdogo wangu."

Mshauri, nilimpa yule mama mkono na nikaitikia pole yake. Mpaka leo sijui kwa nini sikufungua mdomo. Wale watoto nao wakaanza kuniamkia, "Shikamoo mama mdogo," na mimi naitikia marahaba. Yule wa kiume alikuwa na miaka 12 hivi, ananifuatafuata kila ninapokwenda. Mjomba wangu alikuwa amekaa palepale, anaujua ukweli wote, akaangalia chini.

Usiku nilimfuata mama nyuma ya nyumba, nikamuuliza kwa nini amesema vile. Akaniambia, "Leo siyo siku ya hayo." Basi nikasubiri siku ya hayo. Imepita miaka 11, hatujaongea.

Sasa, wiki tatu zilizopita nimepigiwa simu na yule kijana wa kiume. Namba yangu kaipata kwa binamu yangu, mtoto wa mjomba. Akasema, "Dada, shikamoo," sauti imeshakuwa ya mwanaume. Ananiambia mama ana saratani ya kongosho na imeshafika kwenye ini. Matibabu ya kuipunguza yamesimamishwa, yuko nyumbani, anapewa dawa za maumivu. Madaktari wamewaambia wahesabu wiki, siyo miezi. Halafu akasema, "Anakuulizia." Nikamuuliza, anaulizaje? Amesema maneno gani hasa? Akanyamaza. Kisha akasema, "Wewe njoo tu, dada."

Tangu siku hiyo silali. Nimekaa nikaandika kurasa sita, kila kitu kwa mpangilio wa miaka: kamba za viatu, magauni, mahafali yangu aliyosema atakuja, harusi yangu aliyotuma ujumbe tu, msiba wa bibi. Mpango wangu ulikuwa nikae kando ya kitanda nimsomee zote, na yeye asikilize mpaka mwisho.

Mume wangu anasema niende tukapatane, la sivyo nitajuta. Rafiki yangu wa karibu anasema aliyenitelekeza hana haki ya kuniita kwa sababu tu anaumwa. Mjomba ananipigia kila jioni kunitishia kwamba nitakosa radhi. Na binti yangu, ambaye nilidhani hata hafuatilii, aliniuliza juzi tukiwa tunaanua nguo: "Ungekuwa wewe ndiye umefanya yote hayo, ungetaka nije?" Sikumjibu.

Naomba nikueleze kinachoniogopesha kweli, ambacho hao wote sijawaambia. Naogopa nitafika nimkute amekonda, kawa mtu mdogo kitandani, nimwonee huruma, na hasira yangu iishe kabla sijaitumia. Hasira hii nimeitunza miaka mingi. Wakati mwingine naona ndiyo kitu pekee cha mama nilicho nacho. Na nikishatoka hapo, naogopa msiba wenyewe. Watu watakuja, watauliza tena "Na huyu?" Nitasimama kama nani?

Nisaidie. Niende au nisiende?

Ni mimi,
Mdogo Wake

JIBU

Marahaba, dada.

Wanaoniandikia huwa nawaita mwanangu, na ambao umri hautuachi sana nawaita mdogo wangu. Leo maneno yote mawili yamenigomea. Na lile jina ulilojitia mwisho wa barua sitakuita. Kwa hiyo ni dada, neno ambalo nitalirudia huko mbele, kwa sababu ndani ya barua yako kuna mtu mwingine amelitumia na nadhani limekupita.

Ngoja kwanza nikurudishie nilichosikia. Mama yako aliahidi akishatulia atakuja, akatulia, hakuja. Kisha mbele ya jeneza la mwanamke aliyekulea kweli, alikuondoa kwenye nafasi yako kwa maneno manne, na ulipomuuliza akakuambia usubiri. Umesubiri. Sasa muda unamwishia yeye, na watu wote wanakugeukia wewe kana kwamba ndiye uliyechelewa. Kama hapo kuna hasira, mimi siioni kuwa kubwa kupita kiasi.

Unaniuliza uende au usiende. Hilo sitakujibu kwa neno moja, na siyo kwa kukukwepa. Naona kila mtu anayekushauri ameshaamua safari hii ni ya nini, ila wewe mwenyewe hujaulizwa. Mume wako anasema mkapatane. Mjomba anataka mtakiane radhi. Wewe unataka mama asikilize kurasa sita. Hizi ni safari tatu tofauti ingawa kitanda ni kimoja.

Kiswahili kina kijineno kidogo ambacho hutuponyoka tukikitamka: hiyo "-ana" ya mwisho. Kupatana, kusameheana, kuagana, kuonana. Hivyo ni vitenzi vya watu wawili, mmoja akigoma au akiwa amezama usingizini, havitendeki. Lakini kuna kuaga, kuona, kuuliza, kukaa, kusema, hata kusamehe. Hivi mtu anaweza kuvifanya peke yake, mwenzake amefumba macho. Ukifunga safari ukiwa umebeba vitenzi vya watu wawili tu, furaha yako yote umeiweka mikononi mwa mgonjwa wa wiki chache. Ukiwa na hata kimoja cha peke yako, kuna kitu utarudi nacho nyumbani hata asipofumbua mdomo.

Nasema hivi kwa sababu ya ugonjwa wenyewe, na naomba tuongee wazi. Saratani ya kongosho ikishafika kwenye ini, ini linaweza kulemewa. Likishindwa kuisafisha damu, sumu zinafika kwenye ubongo, na mgonjwa anaanza kulala mchana na kukesha usiku, anachanganya majina, miaka, hata watu. Morfini, dawa kali ya maumivu, nayo huongeza usingizi, hasa dozi ikiwa imetoka kupandishwa. Ongeza na uchovu ambao haupoi kwa kupumzika. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa na dakika kumi nzuri kwa siku. Kurasa sita hazienei humo.

Na kuna jambo gumu zaidi nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwake. Anaweza kukuita kwa jina la bibi yako. Anaweza, mbele ya watu, kukuita "mdogo wangu" tena, na safari hii isiwe uongo bali ni ini. Kama hujajiandaa, neno hilo litakuangusha pale mlangoni.

Halafu hesabu ya wiki. Madaktari hukosea makadirio haya, na mara nyingi hukosea kwa kuzidisha. Simu ulipigiwa wiki tatu kabla ya kuniandikia. Kumkuta hai ni jambo moja, kumkuta anaweza kuongea ni jingine, na hili la pili huisha mapema zaidi. Sikukimbizi. Ila kutokwenda kwa kuamua ni tofauti sana na kutokwenda kwa kuchelewa, na nisingependa kalenda ikuamulie.

Turudi kwenye kurasa zako. Usizichome. Usimpe mtu azisome kwa niaba yako. Ila nakuuliza: ukizisoma zote, na yeye akasikiliza mpaka mwisho kama unavyotaka, unatarajia aseme nini? Liandike jibu hilo. Najua utaliandika haraka kwa sababu umekuwa nalo tangu usiku ule nyuma ya nyumba. Sasa litazame, uone kama mtu mwenye dakika kumi anaweza kulitamka. Pengine linaweza kufupishwa likawa swali moja. "Kwa nini hukuja?" ni swali moja. "Kwa nini ulisema mdogo wangu?" ni jingine. Mawili kwa siku moja ni mengi.

Yupo mtafiti wa mambo ya familia katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, anaitwa Karl Pillemer. Mwaka 2020 alichapisha matokeo ya kuwauliza Wamarekani watu wazima zaidi ya 1,300, na asilimia 27 walisema wamekata mawasiliano na ndugu fulani wa familia. Akawatafuta pia watu wapatao 100 waliokuwa wamekata mawasiliano kisha wakarudiana, akawauliza iliwezekanaje. Jambo lililojirudia ni kwamba waliacha kumdai mwenzao aikubali historia kama wao wanavyoikumbuka. Nikiri kwamba nilipolisoma mara ya kwanza lilinikera. Niliona kama aliyeumizwa ndiye anaambiwa tena alipe. Na hata sasa silileti kwako kama dawa, kwa sababu watu wale walikuwa na miaka mbele yao ya kujenga kitu kipya, ninyi hamna. Ninachokichukua humo ni kidogo tu: walirudiana bila kungoja ungamo kamili kutoka kwa mwenzao.

Utasikia pia ushauri wa maneno manne. Daktari Ira Byock, Mmarekani aliyewahudumia wagonjwa wa siku za mwisho kwa miaka mingi, ndiye anayejulikana kwa kuuhimiza: mwambie anayeondoka nisamehe, nimekusamehe, asante, nakupenda. Umewasaidia watu wengi. Lakini sentensi ya uongo ukimwambia mtu anayekufa, yeye anakwenda, wewe unabakia nayo. Kama katika hayo manne moja tu ndilo la kweli kwako, sema hilo. Kama hakuna hata moja, "Nimekuja" ni sentensi kamili.

Nina la kusema kuhusu magauni, na nalisema kwa kusitasita kwa sababu siye mimi niliyeyavaa yakinibana. Katika zile kurasa bila shaka yamo kwenye mashtaka. Lakini aliyekusahau hatumi gauni dogo, hatumi gauni kabisa. Huyu alikuwa na kipimo chako, ila kilikuwa cha zamani na hakukiomba kipya. Angeweza kumuuliza bibi. Hakuuliza. Labda ni uzembe. Labda kuuliza urefu wako kulimaanisha kuhesabu miaka aliyokuacha, na hilo hakuliweza. Nakisia, na naweza kuwa nimekosea kabisa. Wala sisemi ili umhurumie. Nasema kwa sababu umelitoa gauni kama ushahidi wa upande mmoja, na mimi kila nikiligeuza naona linashuhudia pande mbili, na najua jambo la pande mbili linachosha zaidi kulibeba kuliko hasira tupu.

Ndiyo maana hofu yako ya kumwonea huruma nimeielewa. Unadhani huruma ikiingia, hasira itatolewa nje, na utabaki huna chochote cha mama. Nimekaa na watu wengi waliouguza wazazi wa aina hii. Mara nyingi wanachosimulia ni kwamba vyote viwili vilikaa chumba kimoja. Mwanamke mmoja aliniambia alikuwa akimfuta mama yake uso huku akimlaani kimoyomoyo, na hakuna mkono wala moyo uliosimama. Huruma siyo hati ya kufuta deni. Unaweza kumhurumia mtu anayeumwa na bado ukajua alichokufanyia.

Sasa kutokwenda. Rafiki yako ana hoja, na sitaki uione kuwa ya watu wakatili. Wapo wazazi ambao kuwaendea ni kujirudisha kwenye mateso, na mtoto anayekaa mbali nao anajilinda. Kama ndani yako unajua kwamba kumwona kutakubomoa usiweze kuwa mama kwa watoto wako wawili, hiyo ni sababu tosha. Na radhi, kwa nilivyolelewa kulielewa neno hilo, ni kitu kati ya mzazi na mtoto. Mjomba hana akiba yake ya kuigawa kwa simu kila jioni, hasa mjomba aliyeangalia chini siku ile. Hatari ya kutokwenda ni nyingine: maswali yako yatabaki na mtu wa kuyajibu hatakuwepo, na siku za baadaye kichwa kinaweza kuanza kumtungia majibu, mazuri kuliko ambayo angeyatoa mwenyewe.

Kuna pia njia za katikati. Simu. Ujumbe wa sauti ambao kijana yule anaweza kuuweka karibu na sikio la mama, ukiwa na uhakika kwamba hatausikilizisha chumba kizima. Inasemwa usikivu hukaa mpaka karibu na mwisho, na lina ukweli ndani yake: watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Canada, walionyesha mwaka 2020 kwamba ubongo wa baadhi ya wagonjwa wasioitikia tena, saa chache kabla ya kufa, bado uliitikia mabadiliko ya sauti. Kama walielewa walichokisikia, hilo kipimo hakikuweza kuonyesha. Udhaifu wa njia hii ni kwamba hutaona uso wake. Kwa baadhi ya watu hiyo ndiyo faida yake.

Ukienda, usilale nyumba ileile. Mume wako aje, ila akubali kukaa nje. Ingia mara ya kwanza kwa muda mfupi, bila karatasi mkononi, utoke, upumue. Kama kuna swali, liulize mara ya pili. Anaweza kusema tena siyo siku ya hayo. Anaweza kulia, na kilio siyo jibu. Anaweza kukuangalia tu. Amua mapema utafanya nini kila moja likitokea, hata kama ni kusimama na kwenda kukaa uani.

Umeuliza utasimama kama nani msibani, na nadhani hilo ndilo swali kubwa kuliko la safari. Mwaka 1989 msomi Kenneth Doka aliandika juu ya majonzi ambayo watu hawayatambui, mtu anafiwa lakini hana kiti cha kukalia kama mfiwa. Wewe umeshaionja hali hiyo kwenye msiba wa bibi, na hofu yako ina msingi. Lakini angalia: siku ile ulikuwa na miaka 32, na swali aliulizwa mama. Akiwepo au asipokuwepo, swali la "Na huyu?" linaweza kujibiwa na huyo huyo anayeulizwa habari zake. "Mimi ni mtoto wake wa kwanza." Halihitaji ruhusa ya mtu. Lijaribu kwa sauti ukiwa peke yako, uone linavyokaa mdomoni. Kama hutaki kulisema kamwe, sawa pia, ila iwe ni kwa kutaka kwako.

Na hapa ndipo narudi kwenye neno nililolishikilia tangu mwanzo. Miaka 11 iliyopita yule mvulana alikuamkia "shikamoo mama mdogo", kama mtoto yeyote anavyomwita mdogo wa mama yake. Wiki tatu zilizopita alikupigia, akasema, "Dada, shikamoo." Najua dada tunaitana hata njiani. Lakini mtoto hamshushi mama yake mdogo kuwa dada yake kwa bahati mbaya, na amelirudia mara mbili. Kuna mtu amemwambia. Anaweza kuwa binamu yako wakati anampa namba. Anaweza kuwa mjomba, amechoka kuangalia chini. Na anaweza kuwa mtu mwingine aliyeko kitandani, ambaye labda ameona sasa ndiyo siku ya hayo, akaanza na aliye karibu naye kwanza.

Sijui ni nani. Yupo anayejua, na ulipomuuliza mama amesema maneno gani hasa, alinyamaza. Wewe ulisoma ukimya ule kama mtu anayeficha kwamba mama hajakuulizia. Huenda ndivyo. Watoto hufanya hivyo, wanatamani familia ipone kabla mzazi hajafa, wanasema ameulizia. Huenda mama alilitaja jina lako akiweweseka. Au huenda kijana wa miaka 23 ameambiwa jambo ambalo hajui alianzie wapi kwenye simu, kwa mtu ambaye alimfuatafuata msiba mzima bila kujua kwa nini anampenda.

Binti yako bado anasubiri jibu lake, na nadhani atalingoja. Kabla ya kuamua lolote kuhusu mama, mpigie huyo kijana. Jioni, akiwa ametoka chumbani kwa mgonjwa. Usimuulize kama uende. Muulize nani alimwambia akuite dada. Muulize kama dada zake wawili nao wanajua. Halafu muulize ni saa ngapi mama huwa macho. Kuijua saa hiyo siyo kuahidi kwamba utakuja.